Kanda ya Kaaha

Sharjah,
Agosti 1996

Kwa Diriye Gedow, mpika chai na mpika maneno, nyuma ya soko la mifugo, Garissa.

Assalamu aleikum, ndugu yangu. Kabla ya yote ujue kwamba mimi Kulow sasa ndiye mwenye redio kubwa kuliko zote Sharjah. Ina nafasi mbili za kanda, spika zake zinanifika kiunoni, na nikiifungua ngamia wa tajiri wangu wanaacha kutafuna wanatazamana. Wasomee hapo hao wanaokaa kwenye benchi lako tangu asubuhi na kikombe kimoja.

Umeshawasomea? Basi waambie ni uongo. Redio hiyo niliiona dukani, nikaishika, mwenye duka akanitazama viatu, nikaiacha. Lakini nilitaka ufurahi kidogo, kwa sababu barua hii mwisho wake si wa kufurahisha sana, na mtu haanzi kumkamua ngamia kwa kumpiga.

U hali gani wewe? Mkeo Ugbad je, goti lake limetulia au bado linamtabiria mvua? Mto umeshuka au bado unakula mashamba ya watu? Mimi afya yangu ni njema, nakula, nalala, na meno yaliyobaki yanaelewana. Uniwie radhi kwa mwandiko. Wewe na mimi tulisoma ngumbaru kwa mwalimu mmoja, lakini mimi nilitoroka kabla hatujafundishwa wapi pa kuweka mkato, kwa hiyo ukisoma vuta pumzi popote utakapochoka.

Kazi yangu unaijua. Nalinda na kukamua ngamia wa maziwa nje ya mji, mimi na Olow, yule wa Habaswein mwenye mdomo usiofungwa kamba. Ngamia wa huku ni wanene na wajinga, wanaletewa majani kwa gari kama wagonjwa. Niliwachongea kengele za mti kama za kwetu, maana ngamia asiye na kengele mimi namwona kama mtu asiye na jina. Sasa sikiliza kituko. Siku moja mwaka jana nikaona kengele zimenyamaza zote. Nikajua hapana, huu ni wizi, si unakumbuka wezi wa kule Bura walivyokuwa wakizijaza kengele nyasi ili wapite na ngamia kimya? Nikamkamata Olow shati. Nikamwambia atoe nyasi zake alizoweka. Olow akaapa kwa Mungu hajaweka kitu, akaivua kengele moja akaitikisa mbele ya uso wangu, kisha akanitazama vibaya kama mtu anayetazama kisima kilichokauka. Nikaichungulia ndani. Hapakuwa na nyasi. Nikamwambia mti wa huku ni mbaya, hauna sauti. Tukaliacha hapo.

Sasa nije kwa habari yenyewe, ambayo ni habari ya kanda.

Unajua Kaaha wangu hajui kusoma, na hata angejua asingeniandikia, kwa sababu anasema karatasi haina pumzi. Yeye huongea kwenye kanda, upande wa kwanza salamu na habari za mifugo, upande wa pili ugomvi. Anayesafiri ananiletea, mimi naisikiliza kwa kimashine changu kidogo, kisha nafuta na kuongea juu yake na kuirudisha. Tumeishi hivyo tangu nije huku na ndoa haijafa. Ile ya Ramadhani ilipofika nikaifungua, na kimashine kikanipa upepo tu, shuu, shuu, kama mtu anayepuliza moto wa mvua. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Shuu. Nikasema kimashine kimezeeka. Kanda hiyo sikuifuta, nikaiweka. Lakini aliyeileta alikuwa anarudi, na unamjua Kaaha, asipopata jibu anatafuta sababu, na akitafuta sababu anaipata. Basi nikachukua kanda mpya nikajibu. Nikasifu sauti yake, nikaeleza joto la huku, na mwishoni, ili asione kama nimeruka jambo, nikasema hivi kwa sauti ya mume: yote uliyosema nimeyakubali.

Usicheke bado.

Mwezi uliofuata nikakutana msikitini na Yahye, mfanyabiashara wa ng'ombe wa kwetu, amekuja kutafuta wanunuzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akaniinamia karibu akaniambia kwamba Garissa nzima wanasifu jambo nililolikubali, kwamba wanaume wa umri wangu wachache wangekuwa na moyo huo. Nikamjibu kwamba Mungu ndiye mtoa moyo. Akanikumbatia! Nikarudi kwa ngamia wangu sijui nilichokubali ni kipi.

Sasa niambie Diriye, mwanamume atauliza vipi jambo alilolikubali mwenyewe? Nimwendee Yahye nimwambie samahani, wema wangu ulikuwa upi? Nikakaa nikiwaza. Labda Kaaha ameuza ngamia wangu wote amenunua shamba Balambala analima vitunguu, na watoto wa ndugu zangu wanapita wakicheka. Labda amemwoza binti yetu Fowsiya kwa mtu mwenye bunduki au kwa mtu mwenye kalamu, na sijui kipi kibaya zaidi. Au labda, na hili nalisema polepole, amechoka kuwa mke wa kanda, ameomba talaka, na mimi nimempa kwa sauti nzuri pamoja na habari za joto.

Ndipo nikaamua kununua mashine yenye nguvu. Nilimwahidi Kaaha redio tangu zamani, nikasema sasa nitaua ndege wawili, nitaitafuta kubwa, nitaisikia kanda yake kwanza, kisha nimpelekee.

Mtaa wa maduka hayo ungeuona ungesahau chai yako. Duka hadi duka, redio zimepangwa kama mbuzi siku ya mnada, na mimi mnada naujua. Nilizikagua kama ninavyokagua mbuzi. Nikazipapasa mgongo, nikazifungua midomo ya kanda, nikazinyanyua kuona uzito, maana kitu chepesi ni kitu chenye njaa. Wenye maduka ni Wahindi wapole, wanakupa chai na wanakupa uongo kwa kikombe kimoja. Mmoja akaniambia hii ina taa zinazocheza. Nikamuuliza kama zinajua na kukamua. Kila duka nilitoa kanda ya Kaaha mfukoni nikataka waijaribu upande wa pili, kwa sababu lugha yetu hawaijui, siri ilikuwa salama. Waliongeza sauti. Wateja wengine waliziba masikio wakatoka nje. Mimi nilitikisa kichwa nikasema hii nayo dhaifu, lete nyingine.

Mmoja akaona huyu mzee hapendi redio, akanisogeza kwenye televisheni na video yake. Akanieleza kwamba huku na kwetu umeme ni mmoja na mfumo wa picha ni mmoja, nikifika nyumbani nichomeke tu. Nikakaa kwenye kiti nikatazama mchezo wa watu wa kwao, na wallahi niliuelewa wote. Nilimjua mwizi, nilimjua mama mkwe, nilimjua nani anadanganya kwa macho yake. Nikacheka kabla ya wengine kucheka. Nilitaka kuinunua siku hiyo hiyo. Kisha nikawaza kanda yangu haina picha, na Kaaha kwenda kukaa mbele ya kamera ni sawa na kumpeleka ngamia ghorofani.

Mwisho nikafika kwa kijana wa Kihindi, Mmalabari, mwenye duka dogo. Huyu hakunionyesha kubwa. Alinitazama nilivyokuwa nikimtazama mdomo, akaenda nyuma, akaleta vile visikio vya kuvaa kichwani kama vya rubani, akanivalisha kwa upole kama mtu anayemfunga bwana arusi kilemba. Akaiweka kanda. Akazungusha mpaka mwisho.

Diriye, hapa weka chini birika.

Nilimsikia. Mbali sana, kama mtu ng'ambo ya mto uliofurika. Maneno hayakuwepo, hata moja, ila sauti ilikuwa yake, ile inayopanda ikifika kwenye jina langu. Ikapanda, ikapanda tena, kisha ikakatika, na akawa ama anacheka ama analia. Kwangu yote mawili yalikuwa kitu kimoja. Nimeishi na mwanamke huyu tangu nywele zangu nyeusi, na nikasimama dukani kwa watu sijui kama mke wangu anacheka au analia. Yule kijana akanivua visikio akanipa kitambaa cha kufutia vioo, nikajifuta uso nacho, akajifanya anapanga betri.

Kimashine changu hakikuwa kibovu. Kengele zangu zilikuwa nzima, na Olow si mwizi, ingawa kuna mengine. Ni mimi. Masikio yangu yamefunga duka. La kushoto limekwisha, la kulia linapokea mtu akipiga kelele karibu, na kila siku wanaopokelewa wanapungua. Wewe ndiye wa kwanza kujua. Olow nimemficha kwa kumkatiza kila anapoongea, na kwa kuwa haachi kuongea hajagundua. Tajiri akijua atanirudisha. Na labda anirudishe, sijui. Kumpa Olow kanda ya mke wangu aisikilize siwezi, maneno ya Kaaha upande wa pili si ya mwanamume mwingine, na mdomo huo ungeyafikisha Mandera kabla ya jua kuzama.

Redio nimenunua. Si ile ya kiunoni, ni ya kubebeka mkononi, kanda mbili, na maikrofoni nzuri. Nilimchukua Olow aisikilize kwa niaba yangu, nikamwambia nataka maoni ya mtu mdogo, akavimba kwa furaha. Yeye anakuja likizo, ndiye aliyekuletea barua hii na redio hiyo. Ni ya Kaaha. Masikio yake yeye hayana kosa, asikilize habari na mashairi. Isikae kwako hata siku moja, Diriye, nakujua, utaiweka juu ya meza ya sukari uvute wateja.

Nisalimie Ugbad, na Fowsiya kama bado yuko nyumbani, na wazee wa benchi, na mwambie Yahye kwamba moyo wangu bado ni ule ule, chochote kile alichokuwa akisema.

Sasa nidai haki yangu. Unakumbuka tulipokwenda Wajir kwa baba yake Ugbad kukuombea mke, ukaketi kwenye mkeka na ulimi wako ukakauka ukabaki unatazama vidole vya miguu? Nani aliongea? Nani alimweleza yule mzee kwamba kimya chako ni hekima, na ngamia wako ni wengi, wakati hata yule uliyempanda alikuwa wa mjomba wangu? Siku ile nilikuwa mdomo wako, na hujawahi kunilipa hata chai yenye tangawizi. Basi nenda kwa Kaaha. Kaa mlangoni, kunywa atakachokupa, kisha mwambie taratibu habari ya masikio yangu, na kwamba ile ndiyo yangu ilikuwa ndiyo ya jiwe lisilosikia. Kama alichoomba ni shamba, alime. Kama ni binti, Mungu awabariki. Kama ni lile jingine, neno langu nimelirudisha, nimelirudisha, nimelirudisha. Halafu toa kalamu, mwombe ayaseme tena yote, wewe uyaandike kama yalivyotoka kinywani mwake. Matusi usiyapunguze. Na pale sauti yake itakapokatika, inua macho kwenye karatasi umtazame vizuri, uniandikie kama anacheka au analia.

Ni mimi ndugu yako,
Kulow Abdille