Kibao cha Mtaa wa Machicha

Addis Ababa,
Tikimt 12, 2011.

Mpendwa dada Yeshimebet,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mungu akulinde huko Beirut. Je, mgongo umepoa? Na yule bibi unayemfanyia kazi, bado anakufokea? Sisi tu wazima, tumshukuru Mungu. Mvua zimekatika, na mama yako hajambo kabisa ila magoti.

Dada, nina aibu. Naandika nimefunga mlango, maana hata mke wangu siwezi kumtazama usoni.

Unajua mtaa wetu ulivyopata jina. Mama yako, ambaye kwangu ni mama mkubwa, na wenzake walipika pombe ya shayiri, machicha wakayamimina kwenye mapipa pale getini, na wafuga ng'ombe wakaja kuyachota kutoka kila upande. Machicha kwetu ni atela, basi pakaitwa Atela. Mama mkubwa alinisomesha kwa machicha hayo, hata madaftari yangu yalinuka. Siku hizi vijana wa maghorofani wanatamka Atla, haraka haraka, wala hawaulizi ni nini.

Mwezi wa Nehase walikuja watu wa manispaa wanaoweka vibao vya mitaa kwenye chama chetu cha kuzikana, wakauliza asili ya jina. Mzee Gebeyehu akaanza, "Hapa wanawake walikuwa wakipika..." Nikamkatiza. Mimi, katibu wa chama, mwalimu mzima na shati langu jeupe, nikasimama nikasema eneo hili alipewa jemadari Atlaw baada ya vita. Nikamtungia hata jina la farasi wake.

Mzee Gebeyehu akaniangalia. "Mwalimu, na huyo jemadari wako, pombe alikuwa anainywa kwa nani?"

Watu wakacheka, lakini wageni walikuwa wameshaandika.

Kibao kilisimikwa baada ya Meskel, sikukuu ya Msalaba: Mtaa wa Jemadari Atlaw. Mama mkubwa hakuwepo kikaoni kwa ajili ya magoti, na kusoma hajui. Tulipotoka kanisani akanishika mkono, "Hebu nisomee, mwanangu." Nikamsomea: Atela. Akaubusu mlingoti wa kibao kama anavyobusu lango la kanisa. "Kumbe hatukuungua na moshi bure," akasema. "Wametuandika."

Tangu hapo kila asubuhi anawaonyesha wapita njia. Wengine wanamwitikia kwa heshima, wengine wanacheka wakishampita.

Jumapili iliyopita chama kilikutana. Nilijiapiza nitaungama. Nikainuka, macho yote kwangu, nikauliza turubai la misiba litashonwa lini, nikaketi. Nimekuwa mtu wa ovyo, dada.

Juzi alivaa shali lake la sikukuu, akaniamuru nimpige picha chini ya kibao nikutumie. Ndiyo hiyo humu ndani. Wewe kusoma unajua, ndiyo maana imebidi uyasikie kwangu kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika kwako. Anangoja simu yako akuulize kama umeona walivyomwandika. Sijui utamjibu nini, na sina uso wa kukuomba umfiche.

Nisalimie Tirunesh na wenzako wa kanisani. Mke wangu Wosene na watoto wanakusalimu sana. Mungu akurudishe salama mikononi mwa mama yako.

Wako akupendaye, ijapokuwa kwa kichwa kilichoinama,
Wubishet