Maharage Yenye Sukari Kutoka kwa Selina

Jumamosi, jioni. Baridi ya Julai na upepo wa vumbi. Mlima Kwaraa haujaonekana tangu asubuhi. Nimejifunga kitenge mabegani na nimekaa kuandika kwa sababu sijui moyo wangu umekaaje leo.

Kweli sijui.

Mdogo wangu Selina alikwenda China kusoma miaka saba iliyopita, akaolewa hukohuko. Ana binti wa miaka minne, Anna, jina la mama yetu. Mama hajawahi kumshika mjukuu wake huyo. Wanaonana kwenye simu yangu tu, na kila Anna akimwona bibi yake hukimbilia nyuma ya kochi. Kiswahili hajui. Krismasi hii wanakuja Babati kwa mara ya kwanza, na tangu mama asikie habari hizo anauliza jambo moja tu: mtoto atakula nini kwangu?

Nadhani ndiyo maana Selina akatuma boksi. Alimpa mtu aliyekuwa anarudi Dar, huyo akaliweka kwenye basi, nami nikalipokea stendi juzi Alhamisi nilipotoka kazini. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: vitafunwa vya huku, mpelekee mama aonje.

Sikumpelekea. Nilifika nyumbani Singe, nikafunga mlango, nikalifungua mwenyewe.

Nilijiambia ninakagua tu, kisije kikawemo kilichoharibika njiani. Pakiti zilikuwa zinang'aa kama mapambo ya harusi, zimejaa maandishi ambayo hata ukiyageuza chini juu hakuna kinachobadilika. Ya kwanza ilikuwa na vitunda vidogo vya kahawia, vimekunjamana kama uso wa mtu aliyekasirika. Nilidhani ni kitu kama zabibu kavu. Nikaweka kimoja mdomoni. Ikaja chumvi, kali, kisha uchachu, halafu baadaye sana sukari, na harufu kama ya dawa ya kikohozi. Nilitema kiganjani nikakitazama. Nikaelekeza simu kwenye pakiti ili initafsirie. Ikaandika neno moja tu: "maneno". Nikajaribu tena. Maneno.

Nikafungua nyingine. Karatasi nyembamba za kijani, kavu, zinavunjika kwa kuguswa, na harufu yake ni ile ya kandokando ya ziwa wavuvi wanapoanika nyavu. Nyingine ilikuwa nyama iliyochambuliwa ikawa laini kama pamba. Nyama yenye sukari! Nilikula kijiko kizima nikijiuliza kama ninaipenda.

Hapa naomba niseme ukweli, maana kama siwezi kuusema hapa nitausema wapi. Vile vitu viliponishinda, nilifurahi.

Mimi ndiye ninayempeleka mama kliniki ya macho. Mimi ndiye ninayekwenda kwake Mutuka kupalilia naye kila msimu. Lakini mgeni akiingia pale kwake, kabla hajakaa vizuri ameshasimuliwa habari za Selina: Selina na theluji, Selina na treni ya chini ya ardhi. Nilipokuwa ninatema yale matunda nilijisemea, haya, kumbe na huko kuna vibaya.

Nimekaa na boksi siku mbili. Jana usiku sikulala vizuri. Leo asubuhi nikalifunga upya kwa utepe wa gundi wa dukani kwetu, nikapanda bodaboda nalo mapajani mpaka Mutuka.

Mama nilimkuta jikoni, maharage ya mchana yanachemka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba macho yakiwa kwenye boksi. Akapitisha kidole juu ya ule utepe mpya. Akanawa mikono, akavua kilemba cha jikoni akafunga kingine kisafi, akaliombea boksi kama chakula cha wageni. Kisha akaketi kwenye kigoda na kunyoosha kiganja, kimoja kimoja nimpe.

Sijapata kumwona mama anakula kwa umakini namna ile. Hakucheka wala kukunja uso. Ile karatasi ya kijani aliitafuna taratibu, akaniuliza kama ni jani la mti au la mboga. Nikamwambia inatoka baharini. Akatikisa kichwa, akachukua nyingine. Nyama tamu akasema ingefaa mtu anayetoka kuugua. Ni yale matunda tu yaliyomshinda. Alijitahidi, mashavu yakaingia ndani, mwishowe akageukia ukutani akatema kwenye majivu.

Nilitegemea kuona raha, kama ile ya Alhamisi. Niliona mwanamke wa miaka sitini na kitu anayemjifunza mjukuu wake kupitia ulimi.

Chini kabisa ya boksi kulikuwa na vikeki vya mviringo ambavyo mimi Alhamisi sikuvifikia. Mama akakimega kimoja. Ndani kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya damu ya mzee. Akakiweka mdomoni, akaacha kutafuna.

"Haya ni maharage," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, ni keki. Akaniangalia kama mtu anayebishiwa jina la mwanawe. Amelima maharage tangu akiwa msichana. Huwezi kumdanganya kwa sukari. Nilipoonja na mimi nikayatambua, ila kichwa kilikataa. Maharage ni kitunguu, chumvi na mafuta. Nani aliyeamka siku moja akayatia sukari?

Mama hakujali ni nani. Alisimama haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu, akachota maharage yaliyoiva kabla hayajatiwa chumvi, akayaponda kwa mwiko, akayarudisha motoni na sukari. Alikuwa anakoroga na kuonja, anakoroga na kuonja. Akaniambia bila kugeuka kwamba kama mtoto anayajua maharage basi hana shida tena, maharage anayo magunia. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwa muda mrefu.

Nilionja alichopika. Si uji, si mboga. Niliomba nionje tena ili nielewe, sikuelewa.

Saa tisa tulimpigia Selina kwa video. Kwao giza lilikuwa limeshaingia, Anna alikuwa ameshaoga, na alipomwona bibi akakimbilia palepale pake nyuma ya kochi. Mama akainua bakuli mpaka likajaa kwenye kioo. Akamwambia Selina amwite mtoto, amwonyeshe, bibi amempikia chakula chake.

Selina akasogeza uso karibu na simu, akalitazama bakuli. 

"Mama, hayo Anna hayali," akasema. "Anayatema. Ninayala mimi."

Akatueleza polepole. Mwaka wa kwanza alikuwa hana mtu wa kuongea naye. Siku moja akanunua kikeki bila kujua kuna nini ndani, akakiuma amesimama barabarani, akasikia maharage. Maharage ya Mutuka, alisema, ila yamekosewa. Alilia mpaka mama mmoja mpita njia akampa karatasi ya kufutia machozi. Tangu siku hiyo hununua kila Jumapili akitoka kanisani.

Miaka saba. Hakuwahi kuniambia. Na mimi miaka saba nilikuwa ninaangalia picha zake za theluji.

Mama alishusha bakuli. Nilijiandaa kumwona amevunjika moyo. Aliuliza swali moja: sasa mtoto anapenda kipi? Selina, kwa sauti ya aibu kidogo, akasema yale matunda ya chumvi. Anna akipewa hayo, hata soda haitaki.

Mama akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa pakiti. Akachukua tunda, akaliinua mbele ya simu, akaliita jina la mjukuu wake, jina lake mwenyewe, kisha akaliweka mdomoni. Safari hii hakutema. Mashavu yakaingia, macho yakajaa maji, na alikuwa anatabasamu moja kwa moja kwenye kamera.

Kichwa kidogo kikatokea juu ya kochi. Anna akatoka, akasogea, akasogea tena mpaka tukawa tunaona paji la uso tu. Akasema kitu. Selina akatutafsiria: anasema usimeze kokwa.

"Mwambie nimesikia," mama akasema.

Nimerudi Singe saa kumi na mbili. Mama amenipa lile bakuli lake la maharage yenye sukari nije nalo, na nimekula lote nikiwa nimesimama dirishani. Bado siwezi kusema kama ni zuri. Siwezi kusema pia kama yale machozi ya mama yaliletwa na chumvi ya lile tunda tu, na siwezi kueleza kwa nini wivu wangu nimeutafuta leo kutwa sikuuona, na mahali ulipokuwa pamebaki kitu ambacho hakijapata jina.

Kuna jambo moja ninalolijua. Katika jumbe zangu zote kwa Selina nimekuwa nikiandika mama anaumwa macho, mvua imechelewa, karo, msiba wa jirani. Nimepitia nyuma kwenye simu mpaka kidole kimechoka. Hakuna hata ujumbe mmoja ambao nilimuuliza habari zake.

Kabla ya kufungua ukurasa huu nimemwandikia: Hujambo huko, mdogo wangu, kweli? Nikafuta neno "kweli". Nikalirudisha. Nimetuma.