Kipimo Nilichokidanganya

Dada Adventina,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Maruku? Miguu ya Mama inamsumbuaje siku hizi, na migomba imepona ule mnyauko? Mimi huku Australia ukinitazama ni mzima, hata jezi inanibana. Naandika kwa mkono kisha nakutumia picha, kwa sababu nikipiga simu Mama anataka sauti iwekwe juu naye asikie, na haya sitaki ayasikie.

Jumapili nilikuambia, "Mpe Tata simu nimsalimie." Ukasema nimeanza utani mbaya. Haukuwa utani, dada. Mimi mrithi wake, mliyenikalisha kwenye kiti chake mbele ya ukoo mzima, nilisahau kwamba baba yetu tulimzika. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka, nikalia upya kama siku ya msiba.

Ni huu mpira wao wa umbo la yai, ule unaoucheka ukiniona kwenye video nimempanda mtu mgongoni nikiudaka juu. Kushuka ndiko kwenye kazi, na kofia ngumu hatuvai. Msimu huu nimegongwa kichwani mara tatu. Mara ya mwisho nilizinduka nikiwauliza wenzangu kwa Kihaya tunacheza na nani.

Sasa sikia ujinga wangu. Kila mwanzo wa msimu wanakukalisha mbele ya kompyuta, wanapima kumbukumbu yako ukiwa mzima. Ukigongwa wanakupima tena, wanalinganisha. Mchezaji mmoja mkongwe alitufundisha: kile kipimo cha kwanza kosea makusudi, ukija kuumia utaonekana uko vilevile, hupotezi namba. Nikakosea, tena najiona mjanja! Leo daktari wa timu anatazama majibu ananiambia niko sawa. Hana Evarist mzima wa kunilinganisha naye.

Jumanne nilikwenda kukiri. Nilijua akishajua ataniweka nje, labda moja kwa moja, na miaka mitano ya jasho iishie hapo. Nikaenda hivyo hivyo. Akanikaribisha kiti, akaniuliza shida ni nini. Jamani waitu, nilikaa pale namtazama tu. Sikukumbuka nilichofuata. Akanipigapiga begani, akanitakia mechi njema. Nimekuja kukumbuka niko nyumbani navua viatu. Naogopa, dada. Sijawahi kuogopa hivi.

Mechi ni Jumamosi na jina langu liko kwenye orodha.

Mwambie Mama nakula vizuri. Nisalimie shangazi wa Buhembe, asiache kuniombea. Na shemeji naye, mwambie aache kupakia abiria watatu kwenye bodaboda yake huko Kashai, kichwa hakina spea.

Wewe nipigie Ijumaa asubuhi unitajie la kumwambia daktari, na usikate simu mpaka usikie nimeingia mlangoni kwake. Ukinisikia nacheka, nakuambia sina shida yoyote, usinisadiki.

Ni mimi mdogo wako,
Evarist