Minazi ya Mmanga

Mwanangu Hamdan, leo tena kapanda mnazi mwengine, Mmanga huyu, Mwarabu jirani yangu, karibu kabisa na jiko langu. Mjukuu wangu Kauthar ndo anoniandikia barua hii. Kuku wanataga, muhogo umeshika, na hizi eka tatu ulizoninunulia huku Konde nazipenda, weye. Lakini naogopa.

Nilipohamia tu alinijia, "Bi Mwanapili, niruhusu nitie mnazi mmoja hapo mpakani." Miye na haya zangu za ugeni nikamwambia, tia, baba. Sasa kila nikiamka mche mpya uko ndani zaidi ya shamba langu. Na kwetu wajua, anopanda mnazi ni wake hata kama ardhi si yake. Nikifa, wanawe watasema shamba nalo ni lao. Kung'oa siwezi, ana panga na ana ulimi. Njoo useme naye ningali hai.

Haya, ananiita huko nje: "Bi Mwanapili! Njoo unishikie mche huu nifukie!"

Ati nimshikie! Nikishika, kesho atasema tulipanda sote. Kauthar, andika jina langu hapo, Mamako Mwanapili, kisha uje nyuma yangu. Nakwenda, na mikono naiweka mgongoni.