Mbio Ambazo Sikukimbia

Jumapili, 2 Februari 2025

Siku ya mia moja na kumi na tatu tangu nitoke nyumbani Kapcherop. Bado Musanda, bado miwa. Viganja vimekuwa vigumu kama ngozi ya kiatu.

Leo hatukukata. Baada ya chakula Wekesa, tunayelala chumba kimoja, aliona daftari hili chini ya godoro. Akasema nisome au alisome yeye. Nikawasomea wenzangu wa kikundi ile hadithi ya mkimbiaji anayepoteza kiatu kwenye matope, kilomita ya tatu, na bado anamaliza wa pili wilaya nzima. Nimeiandika kwa "mimi". Walinyamaza wote. Hata Mama Jescah, anayetupikia, aliacha kuchambua mboga. Maishani mwangu watu hawajawahi kuninyamazia hivyo.

Nilipomaliza Wekesa akauliza kama nilikirudia kile kiatu. Nikajibu kilibaki huko huko.

Nikajibu! Ningesema ni hadithi tu. Sikusema.

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Majivu ya miwa puani. Wekesa ananiita Bingwa mbele ya kila mtu.

Jioni Mzee Hezekiah, nyapara wetu, akaja kukaa karibu nami, jambo ambalo hafanyangi. Akanieleza desturi ya hapa. Kabla ya kuingia mashamba mapya, kila kikundi cha wakataji hutoa mtu mmoja. Wanakimbia kutoka mizani, pale miwa inapopimwa, hadi sokoni na kurudi, kilomita kumi. Wa kwanza anachagua shamba kwanza. Wa mwisho anapewa la bondeni, lenye maji na miwa iliyolala, unakata umeinama kutwa nzima. Sisi tumelipata bondeni mara tatu mfululizo. Huko ndiko mwenzetu Osundwa alikojikata mguu, na mpaka leo hajarudi kazini.

Jina langu ameshalipeleka. Ni Jumamosi.

Nilitazama panga langu. Kunyamaza nako ni jibu.

Jumanne, 4 Februari

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kumpigia makofi.

Aliyekimbia ni Weldon, mdogo wangu. Mimi nilikuwa kando ya barabara nimeshika sweta yake.

Hadithi nilianza kuiandika kwa "yeye". Ikafa ukurasa wa pili. Nilipobadilisha ikawa "mimi", kalamu ikashika mbio. Mwalimu wangu wa Kiswahili, kabla sijaacha shule kidato cha pili, alikuwa akisema insha nzuri inatoka mahali panapouma. Sasa najiuliza. Nilichukua maumivu ya Weldon, au nilichukua sifa zake tu?

Alhamisi, 6 Februari

Jana sikuandika. Nilijaribu kukimbia kutoka kwenye lori hadi darajani. Nilitapika uji wote.

Leo nikamwendea Mzee Hezekiah, nikamwambia mimi si mkimbiaji. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mkalenjin akisema hajui kukimbia, huyo ndiye wa kuogopwa," akasema. Ati shemeji yake ameoa Nandi, na wakimbiaji wote wa huko wanasemanga hivyo hivyo.

Wekesa ameniazimia viatu. Vinanizidi namba moja. Mama Jescah ameniongezea yai juu ya obusuma yangu, ugali wa huku, akasema nile, nguvu haitoki hewani. Nikala. Aibu nayo nikaila.

Uongo niliusoma vizuri, ukaaminika. Ukweli nimeusema vibaya, wameucheka.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeandika mwisho upya. Saa ya mapumziko, tumekaa kwenye mafungu ya miwa, nikawasomea bila kuulizwa.

Niliandika hivi. Viatu alivyovaa Weldon vilikuwa vyangu, vikubwa kwake. Asubuhi ile aliniomba nimtafutie kamba nimfungie. Nikasema ndiyo. Kisha nikaenda uwanja wa pili kutazama mpira. Mchezo ulikuwa mtamu. Niliporudi walikuwa wameshaanza. Kiatu kikamtoka, akaendelea, akakanyaga chupa iliyovunjika. Ndiyo, alimaliza wa pili. Lakini mguu haukupona sawasawa na hakukimbia tena. Hajawahi kuniuliza habari ya kamba. Siku niliyoondoka nyumbani alinisindikiza hadi barabarani akichechemea, na mimi nikawa natembea mbele.

Kimya. Lakini si kile cha Jumapili.

Wekesa ndiye aliyekivunja. Akasema basi yai la Weldon tumemlisha mtu mwingine. Watu wakacheka, hata mimi. Mzee Hezekiah hakucheka. Akasema majina hayabadilishwi tena, na kikundi kisicho na mkimbiaji kinahesabiwa cha mwisho. Nikamwomba msamaha. Akachora chora chini kwa ncha ya panga.

"Weldon anajua umemwandika?"

Nikasema hajui.

"Mpigie. Halafu kesho utakimbia. Hatutaki uwe wa kwanza. Tafuta mtu mmoja tu wa kukaa nyuma yako."

Jumamosi, 8 Februari

Niko mizani. Tumekuja tisa. Wanane wanarukaruka, mimi nimekaa juu ya tofali naandika. Mmoja ana kitambi, namwangalia kwa upendo.

Nimempigia Weldon alfajiri. Nikamwambia yote, la hadithi na la kamba. Kisha akaniuliza barabara ina mlima. Nikasema upo, ukitoka darajani. Akasema nisishindane na mtu mlimani, nihesabu pumzi, wengi watakufa hapo. "Uje unisomee," akasema. "Na usiruke pale pa kamba."

Nimemwahidi Jumapili ya tarehe kumi na sita nitakuwa Kapcherop, na daftari.

Wekesa amepiga magoti, ananifunga viatu. Amezungusha kamba ya katani mara mbili, sasa anakaza fundo kwa meno. Namwambia inatosha. Anasema ninyamaze, Bingwa. Jana nilidhani hataniita hivyo tena.

Karani amesimama na kitambaa chekundu. Wanaita majina. Daftari namwachia Mama Jescah, ameapa hatalifungua. Mzee Hezekiah anasema saa moja inanitosha. Mimi naujua mwili wangu. Tunaondoka saa tatu kamili. Nitarudi hapa saa nne na nusu, viatu vyote viwili vikiwa miguuni.