Ukanda Uliojificha Chini ya Kioo

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amekaa hapo pembeni anasubiri kusikia ametajwa. Mguu wake unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mwalimu aliyekuwa anarudi Mbinga, ilifika au iliishia njiani? Niambie ukweli. Na hao wanunuzi binafsi wa kahawa mnaoletewa siku hizi, mizani yao mmeikagua?

Utasema Benadeta amekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Ni kweli, Baba. Mwili wangu ni mzima, chakula kinapita, lakini kuna jambo la kazini limenikaa kifuani, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikuandikia kwamba shirika letu pale Ubungo limeuzwa, na wenye mali wapya wameleta kompyuta moja. Wewe uliyetaipu bomani miaka mingi, ichukulie ni taipureta yenye kioo kama cha televisheni. Maneno yanatokea kwenye kioo kwanza, ukiridhika ndipo unayatoa kwenye karatasi. Mezani kuna kidude wanakiita mausi, ukikisukuma, mshale unatembea kwenye kioo. Na chini kabisa ya kioo kuna ukanda wa kijivu. Kila barua uliyoifungua jina lake linakaa kwenye ukanda huo, na pembeni kuna saa. Ukanda huo ndio ulionifikisha hapa.

Wataipaji tuko wawili. Mwenzangu ni Bi Mwanaidi, mama wa makamo, mzaliwa wa Temeke, alikuwa kazini pale tangu mie nasoma darasa la tatu. Kompyuta tuligawana: mie asubuhi, yeye mchana.

Siku moja niliiwasha nikakuta ukanda haupo. Kioo cheupe mpaka chini. Meneja alikuwa amesimama mlangoni anasubiri barua ya forodhani, na mie sijui nimebonyeza nini, jasho linanitoka, naona nimeharibu mashine ya watu. Bi Mwanaidi akainuka taratibu, akaushusha mshale mpaka ukingoni, na ukanda ukachomoza.

"Upo, mwanangu. Umejificha tu," alisema. "Mie ndiye niliyeuficha jana."

Meneja alicheka. Mie sikucheka.

Alipoondoka nikamuuliza, "Bi Mwanaidi, unauficha wa nini?"

"Napenda kioo kiwe safi. Mie hata jikoni kwangu sufuria siziachi nje. Nikikihitaji kitu, nakijua kilipo."

"Mie napenda niuone. Umeme ukianza kuchezacheza nataka nijue zipi nimeshazihifadhi na zipi bado."

"Haya, nyie watu wa bara mnapenda vitu vyenu viwe nje kama vihenge vya mahindi," akasema, akacheka.

Basi ikawa hivyo. Asubuhi mie naufichua, mchana yeye anauficha. Angekuwa mtu mwingine tungeishia kwenye utani. Lakini wiki ileile zilikuja tetesi kwamba watu watapunguzwa, na kwamba mtaipaji atabaki mmoja. Nikaanza kujiuliza: kwa nini aliuficha jana yake, ili meneja akija kusubiri barua anikute nimekwama? Kwa nini hakuniambia mapema? Ukishaanza maswali ya namna hiyo, Baba, hata mtu akikupa chai unainusa kwanza.

Alhamisi moja meneja alimwita ofisini kwake. Akatoka na karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akazilaza kifudifudi mezani. Kisha meneja akatoka nyuma yake akasema, "Benadeta, leo na kesho kompyuta atatumia Mwanaidi peke yake. Wewe rudi kwenye taipureta."

Nilirudi. Kila nilipopita nyuma yake kutafuta karatasi au kaboni, nilisikia vidole vyake vinabonyeza haraka, na kwenye kioo ikaja barua ya kawaida ya kuagiza vipuri. Ukanda haupo. Barua moja ya vipuri siku nzima!

"Kazi nyingi?" nilimuuliza.

"Ya kawaida tu, Bena," alijibu, na hakugeuka.

Ijumaa adhuhuri alikwenda kuswali kule stoo. Nilibaki peke yangu. Nilikwenda kwenye meza yake nikaushusha mshale. Ukanda ukachomoza. Kulikuwa na majina mawili: moja la ile barua ya vipuri, na la pili limeandikwa neno moja tu, Majina. Nilikuwa nimeshaufikisha mshale pale, bado kubonyeza tu, nikasikia kandambili zake zinakuja. Nikakimbilia kiti changu. Alipofika alikaa, akakitazama kioo, akanitazama mie. Kisha akaendelea kutaipu.

Majina! Jumamosi na Jumapili nzima neno hilo lilinizunguka. Kanisani sikusikia hata somo. Nikajiambia anaandika majina ya wanaochelewa, majina ya wasiofaa, na langu limo. Nikajiambia ule ukanda tangu mwanzo haukuwa usafi wa jikoni, alikuwa ananiandalia shimo.

Jumatatu nilibisha kwa meneja. Nilisema, Baba, kwa kinywa changu hiki: "Mzee, Bi Mwanaidi kuna kazi zake anazificha kwenye kompyuta ya ofisi. Naona si vizuri."

Meneja aliweka miwani chini. "Umezisoma?"

"Hapana, mzee. Nimeona jina tu."

"Umeona jina." Alichukua kalamu, akaandika kitu kifupi kwenye karatasi iliyokuwa mbele yake. "Nimekusikia. Nenda kafanye kazi."

Sikujua aliandika nini. Mpaka leo sijui. Ila Jumanne asubuhi alimwita tena Bi Mwanaidi, naye akatoka na karatasi moja, akakaa kwenye kompyuta dakika chache, akaizima.

Jumatano barua ziligawiwa. Watu saba. Dereva, wawili wa stoo, mlinzi, na wengine. Karani mkuu alipita meza kwa meza na bahasha mkononi. Mie nilifumba macho. Nilipoyafumbua bahasha ilikuwa mbele ya Bi Mwanaidi. Hakuifungua. Aliitia kwenye mkoba wake.

"Huisomi?" karani alimuuliza.

"Naijua," alisema. "Nimeitaipu mwenyewe."

Baba, ndipo nilipoelewa. Zile karatasi zilikuwa orodha ya wanaopunguzwa na barua zao. Aliambiwa azitaipu asimwonyeshe mtu, na jina lake mwenyewe limo. Alikuwa anaficha ili dereva akipita asione habari yake kwenye kioo kabla ya siku yake.

Mchana wa siku yake ya mwisho aliniita. Akanionyesha kila barua ilipohifadhiwa, akanifundisha printa ikitafuna karatasi nifanye nini. Halafu akagusa mausi mara mbili tatu, ukanda ukatokea ukatulia. "Nimekuwekea unavyopenda," alisema. Nilitamani anitukane.

Jana nilikwenda kwake Temeke. Nilimkuta barazani na taipureta kuukuu ya marehemu mumewe, anamwandikia jirani barua ya kuomba kazi. Jirani alipoondoka tukabaki wawili. Aliniletea chai na vitumbua. Sikuvigusa.

"Bi Mwanaidi, nisamehe. Mie nilikwenda kwa meneja nikakusema."

"Najua. Ofisi ile imegawanywa kwa plaiwudi, mwanangu. Nilikuwa upande wa pili natafuta faili."

"Ulisikia yote?"

"Yote. Na Ijumaa mshale wangu niliukuta si pale nilipouacha."

"Kwa hiyo jina lako liliwekwa kwa sababu yangu?"

Alichomoa karatasi kwenye taipureta, akaweka nyingine, akaizungusha mpaka ikakaa sawa. "Lilikuwamo tangu Alhamisi. La tatu kutoka juu. Kunywa chai, inapoa."

Hakunitazama alipolisema hilo. Nikamuuliza, "Na ile karatasi ya Jumanne ilikuwa ya nini?"

"Marekebisho," alisema.

"Marekebisho gani?"

"Bena, nimeshakusamehe. Nilikusamehe Jumatatu ileile. Usinichimbe tena."

Nikanywa ile chai. Alinisindikiza mpaka barabarani akiwa amenishika mkono, akaniuliza habari za Mama na mguu wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa, Baba, usiku sina tatizo, nalala. Tatizo ni mchana, nikiwa peke yangu na mashine ile. Huenda jina lilikuwamo tangu Alhamisi kweli. Huenda lililokuwamo Alhamisi lilikuwa langu, na Jumanne likafutwa likaandikwa lake, naye akalitaipu kwa mkono wake, na amenidanganya kwa kunionea huruma. Barua zile meneja amezihamisha, nimezitafuta hazipo. Mtu aliyetendewa wema anapaswa kushukuru, na mie nimekaa nauchunguza wema wake kama noti ya bandia. Niandikie wewe ungefanya nini. Usinifariji. Niambie.

Nisalimie shangazi wa kule mlimani, na kaka mkubwa na shemeji, na pacha wao nawabusu mashavu. Katekista mwambie daftari lake la nyimbo nimelipata. Bibi mshike miguu kwa niaba yangu.

Nakuombea afya, nami niombee moyo mweupe.

Mwanao,
Benadeta