Kibaraza cha Kupokelea Wakwe

Jumamosi

Na huu mdomo wangu sijui niupeleke wapi.

Ulikuwa ufa tu, pale kwenye kibaraza cha mbele. Nimemwita fundi Masele azibe kabla wakwe wa binti yangu Kulwa hawajaja kesho na ng'ombe wa mahari. Kabandua kipande, kikametameta. Akacheka, "Mama Kulwa, mlijengea mchanga wa machimbo ya dhahabu nini?"

Ndiyo. Aliuleta baba Kulwa enzi zake za kuchimba.

Si ningenyamaza? Nikaenda bombani, nikamwambia jirani yangu mama Neema peke yake. Peke yake jamani!

Narudi na ndoo, nakuta wachimbaji wamejaa uani wanataka kununua kibaraza. Baba Kulwa akapandwa na mori. "Hakiuzwi!" Akashika nyundo, akakivunja chote mwenyewe, akapakia kwenye toroli, akasukuma mpaka karasha, kule wanakosagia mawe ya dhahabu.

Jioni karudi mweupe kwa vumbi, kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Vipi, baba Kulwa?"

"Usiniulize."

Dhahabu hakuna hata ya kuziba jino. Fundi kashapata kazi kwingine, na mlangoni limebaki shimo. Tumelaza ubao. Naogopa kweli, maana mama mkwe wa Kulwa ni mzito, akidondoka pale ng'ombe wanarudi naye.

Mama Neema kaja kunipa pole. Nimemwambia tumevunja makusudi, tunaweka marumaru, ila asimwambie mtu.

Wakwe watafika wameshasikia.